Goti huumia upande ambao hatukulizoeza: tuzungumze mabapa na mihimili ya mwili michezoni

Mwalimu Filimbi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya sekondari, huu ni mwaka wa 14 nikiwa na filimbi shingoni. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu. Leo naliweka hapa kwa urefu kwa sababu naamini bado kuna watoto tunawaumiza kwa kutojua, na mimi nilikuwa mmoja wa wasiojua.

Mwaka juzi, kwenye maandalizi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, nilikuwa na senta wa netiboli, binti wa kidato cha tatu, mwepesi ajabu. Siku moja mazoezini alidaka pasi hewani, akatua kwa mguu wa kulia, akageuza mwili kumtafuta mfungaji wake. Hakuguswa na mtu. Tulisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjika, akakaa chini ameshika goti. Baadaye tukaambiwa ni ligamenti ya msalaba ya mbele, kamba ngumu ndani ya goti inayounga paja na ugoko, ile ambayo wachambuzi wa redio huiita ACL. Imekatika.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba goti lile nilikuwa nimeliandaa. Miezi miwili mizima. Usiku ule nikachukua daftari nikaandika kila zoezi nililowapa: kuzunguka uwanja, mbio fupi, skwati, kuruka kichura, kupanda na kushuka ngazi, pushapu, sitapu. Nikakumbuka somo moja la chuoni ambalo nililifaulu nikalisahau, la mabapa na mihimili ya mwili. Kando ya kila zoezi nikaandika linafanyika katika bapa gani. Ukurasa mzima ukajaa jina moja.

Sasa tuelewane maneno kwanza.

Msimamishe mtu wima, uso mbele, mikono chini, viganja vimetazama mbele. Huo ndio mkao ambao wataalamu wa mwili wote duniani wanaanzia, ili mmoja akisema "mbele" mwingine asielewe vingine. Kisha fikiria vioo vitatu vikubwa vinapita katika mwili huo.

Kioo cha kwanza kinapita katikati ya pua, kitovu, mpaka kati ya miguu, kinaugawa mwili kushoto na kulia. Hilo ni bapa la sajitali. Jina limetoka kwenye neno la Kilatini *sagitta*, yaani mshale, na ukiliona kama njia ya mshale uliorushwa moja kwa moja mbele yako, hulisahau tena. Kila mwendo wa kwenda mbele na kurudi nyuma uko humo: kukunja goti, kukunjua kiwiko, kuinama na kuinuka. Hilo ndilo jina lililojaza ukurasa wangu.

Kioo cha pili kinapita sikio hadi sikio, begani, kinashuka ubavuni, kinaugawa mwili mbele na nyuma. Ni bapa la frontali. Humo mna miendo ya pembeni: kuupeleka mguu nje na kuurudisha, kuinua mikono ubavuni, kupinda kiuno upande.

Kioo cha tatu kimelala kama meza, kinakata kiunoni, juu huku na chini kule. Ni bapa la mlalo. Humo mna kugeuka: shingo inageuka, kiwiliwili kinageuka, paja linazunguka ndani ya nyonga.

Hayo ni mabapa. Mhimili ni msumari ambao mwendo unauzunguka, na msumari huo huchoma bapa lake kwa nyuzi 90, haulali juu yake hata siku moja. Darasani natumia vitu vitatu ambavyo kila mtoto amevishika. Gurudumu la baiskeli uliyoipanda linazunguka katika bapa la sajitali, na ekseli yake inatoka kushoto kwenda kulia. Saa ya ukutani inayokutazama, mishale yake inazunguka katika bapa la frontali, na kile kipini cha katikati kinaelekea kifuani kwako, mbele kwenda nyuma. Pia, ile ya kuchezea, inazunguka katika bapa la mlalo, na mhimili wake umesimama wima. Baiskeli, saa, pia. Ukivijua hivyo vitatu umemaliza nusu ya somo.

Neno moja ambalo wengi hulikosea, nami nililikosea: mabapa haya ni ya mwili, si ya uwanja. Kipa akiwa hewani amelala ubavu, mhimili wake wa kichwa-hadi-miguu bado ni uleule, ingawa sasa umelala sambamba na nyasi. Anayepiga tikitaka akiwa mgongo chini, miguu juu, miguu yake bado inapishana katika bapa la sajitali.

Turudi kwa binti yangu. Ukilitazama kwa haraka, goti ni bawaba. Linapenda kukunja na kukunjua. Sasa angalia sheria ya netiboli. Ukishadaka na kutua, mguu uliotangulia kutua ukiuinua, huruhusiwi kuurudisha chini kabla hujaachia mpira, na mpira wenyewe una sekunde 3 tu. Kwa hiyo mchezaji anaukita mguu mmoja na kuuzungukia. Wayo umeshika sakafu, mwili mzima juu yake unageuka kama pia. Nyonga ikiwa na nguvu ya kuzunguka, mzunguko unamalizikia nyongani, maana kule kichwa cha paja kimekaa ndani ya kikombe na kinaenda pande zote tatu. Nyonga ikiwa dhaifu au imechoka, mzunguko unashuka kutafuta pengine pa kupita. Pengine penyewe ni goti, na goti halikuumbwa kwa kazi hiyo.

Skwati zangu zote zilikuwa baiskeli. Mchezo wake ulimtaka awe saa, tena awe ile pia ya kuchezea.

Natoka kwenye netiboli, angalieni mpira wa miguu. Beki anayerudi nyuma kinyumenyume kisha akageuka kumkimbiza winga. Winga anayekita mguu wa nje kumpiga mtu chenga kuingia ndani. Kiungo anayepokea mpira akiwa ameupa goli mgongo. Hatari kubwa za goti ziko hapo, na mara nyingi pasipo kuguswa na mtu. Halafu nendeni kwenye viwanja vyetu saa kumi jioni muangalie timu ikipasha: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Magoti juu, visigino makalioni, raundi tano, tumemaliza.

Simlaumu kocha yeyote. Nauliza tu: nani hapa anawazoeza vijana wake pembeni na kugeuka, na anafanyaje?

KidatoChaSita_HKL

Mwalimu, ahsante sana kwa mfano wa baiskeli. Mimi linalonichanganya ni majina. Kitabu kimoja kinasema kukunja goti ni bapa la sajitali kwenye mhimili wa frontali. Sasa frontali si ni bapa lingine? Nilikosa alama kwa hili.

Mwalimu Filimbi

Mdogo wangu, hapo wanaanguka wengi, hata walimu. Mihimili nayo imepewa majina, na majina yanaonekana kupishana. Msumari unaotoka kushoto kwenda kulia umelala ndani ya kile kioo cha sikio hadi sikio, ndiyo maana ukaitwa mhimili wa frontali. Lakini mwendo unaouzunguka uko katika bapa la sajitali. Kinyume chake, msumari wa mbele kwenda nyuma unaitwa mhimili wa sajitali, na mwendo wake uko katika bapa la frontali. Kwa hiyo bapa na mhimili wa mwendo mmoja havichangii jina. Ukiandika jina moja pande zote mbili, rudi ukasahihishe. Wa tatu hauna shida: bapa la mlalo, mhimili wima.

Mimi siku hizi nawaambia wanafunzi wauite mhimili kwa njia yake: wa kushoto-kulia, wa mbele-nyuma, wa juu-chini. Kwenye mtihani andika jina la kitabu, uwanjani tumia hilo.

Kipa Mstaafu

Mkuu, nimesoma yote kwa heshima. Ila niseme kwa uwazi: sisi tumecheza miaka ya nyuma kwenye vumbi, pekupeku wengine, hatukujua bapa wala mhimili, na magoti yetu yalikuwa salama. Naona tunaleta darasa mahali pa kazi. Kijana akimbie, awe na pumzi, mambo mengine yatakuja.

Mwalimu Filimbi

Kaka, shikamoo, na hoja yako naiheshimu kwa sababu nilikuwa nayo. Nimeifikiria sana. Nikajiuliza: sisi tulipokuwa wadogo tulicheza nini kabla ya kufika kwenye mpira wa timu?

Dada zetu walicheza rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi na karatasi, mmoja huku mmoja kule, wa katikati anakwepa. Nenda kaangalie mtoto anayecheza rede vizuri. Anaruka pembeni, anapinda kiuno kuuacha mpira upite ubavuni, anageuka nusu duara hewani kwa sababu mpira unaofuata unatoka nyuma yake, anatua kwa mguu mmoja na kuondoka kwa mguu uleule. Dakika 20 za hivyo ni mazoezi ya bapa la frontali na la mlalo ambayo mimi na diploma yangu nisingeweza kuyapanga vizuri zaidi. Sisi wavulana tulikuwa humohumo tukitafutwa wa kujaza timu. Kulikuwa na kupanda miembe pia, na ngoma. Anayejua sindimba atakuambia nyonga inafanya kazi gani pale.

Kwa hiyo hamkukosa mazoezi ya pande zote, kaka. Mliyapata barazani bila kuyaita kwa jina. Mtoto wangu wa leo anafika kidato cha kwanza akiwa amekaa darasani, kwenye bodaboda na mbele ya simu. Kitu cha kwanza anachokutana nacho ni mimi na raundi tano za uwanja. Nisipompa mimi pande zile mbili, hakuna atakayempa.

Kipa Mstaafu

Hapo kwenye rede umenigusa. Dada yangu mkubwa hakuna aliyekuwa anampata. Nimekuelewa, endelea.

Tabibu wa Viungo

Habari wanajamvi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mleta uzi ameeleza vizuri, naomba kuongeza na kurekebisha kidogo.

Marekebisho: goti si bawaba kamili. Likiwa limenyooka kabisa linajifunga. Likiwa limekunjwa, mfupa wa ugoko unaweza kuzunguka kidogo chini ya paja. Hata kule kunyooka kwenyewe, hatua za mwisho ugoko unajipinda nje kidogo ili goti likaze. Kwa hiyo mzunguko upo, lakini ni wa kiasi, na ligamenti ya msalaba ya mbele ni mmoja wa walinzi wa kiasi hicho.

Ninachokiona kwa wagonjwa ni mchanganyiko wa mabapa matatu kwa wakati mmoja. Mchezaji anatua au anafunga breki goti likiwa limekunjwa kidogo tu, hilo ni sajitali. Goti linaangukia ndani kuelekea goti lenzake, hilo ni frontali. Na paja linageukia ndani wakati mguu umeshika ardhi, hilo ni la mlalo. Moja peke yake mwili hulivumilia, yote matatu kwa pamoja ndiyo yanakata. Wasichana wako hatarini zaidi kuliko wavulana katika michezo ileile, kwa hiyo walimu wa netiboli, huu uzi ni wenu.

Dawa ya goti kuangukia ndani haiko gotini. Iko kwenye misuli ya makalio ya pembeni, hasa ule uitwao gluteasi mediasi. Kazi yake kubwa ni kushika fupanyonga lisizame ukisimama kwa mguu mmoja. Jaribu sasa hivi: simama mbele ya kioo kwa mguu mmoja, shuka kidogo kama unakaa kitini. Upande wa mguu ulio juu ukizama, au goti likikimbilia ndani, umepata kazi ya kufanya.

Na hili si la wacheza mpira tu. Mkimbiaji kila hatua yuko juu ya mguu mmoja, hakuna wakati miguu yote miwili iko chini. Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, alimpita Mjerumani Amanal Petros mstarini kabisa, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Watu waliona miguu inayokwenda mbele. Mimi nilitazama kiuno. Baada ya kilomita 42, mwili unaoyumba pembeni kila hatua hauna akiba ya kukimbilia mstari kwa namna ile.

Mbio za Asubuhi

Daktari, nina swali hapohapo. Mimi nakimbia kilomita 10 kwa ajili ya afya, na kocha wetu wa klabu ananikemea kila siku kwamba mikono yangu inavuka kifua. Hivi mikono ina uhusiano gani na mbio? Nilidhani ni miguu.

Tabibu wa Viungo

Mguu wa kulia ukienda mbele, nyonga nayo inasogea nao, kwa hiyo sehemu ya chini ya mwili inataka kugeuka kuelekea kushoto kwenye mhimili wa juu-chini. Kama hakuna cha kuusawazisha, mwili wote utageuka. Mkono wa kushoto unaokwenda mbele na bega lake ndio unaosawazisha, unageuza sehemu ya juu upande wa pili. Kwa hiyo ndani ya mbio zinazoonekana za kwenda mbele tu, kuna pia mbili za kuchezea zinazozunguka kinyume, moja kiunoni moja mabegani.

Mikono ikivuka sana kifuani, mara nyingi ni dalili kwamba kiwiliwili kinageuka kupita kiasi. Usiishikilie mikono kwa nguvu. Imarisha tumbo na ubavu, kisha peleka kiwiko nyuma, mbele kitarudi chenyewe.

Bondia wa Manzese

Wakuu, na sisi wa masumbwi tumo? Maana naona hapa kila kitu ni magoti.

Mwalimu Filimbi

Mmo, tena ninyi mna mabapa yote mkononi. Konde la kunyooka linaonekana ni sajitali, bega na kiwiko vinanyooka mbele, lakini nguvu yake imetoka kwenye kisigino cha nyuma kinachogeuka na nyonga inayozunguka kwenye mhimili wima. Konde la kuzungusha, lile la kutoka ubavuni, ni bapa la mlalo karibu lote: mkono umekunjwa umekazwa, kinachozunguka ni kiwiliwili, mkono unabebwa tu. Ukiona kijana anatupa mkono huku mwili umesimama, konde lake halina uzito. Konde la kutoka chini ni sajitali, magoti yananyooka, nyonga inanyooka, ngumi inapanda. Na kukwepa kwa kuinamisha kichwa upande ni frontali.

Nikupe kipimo cha bure. Kaa kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, inua miguu, rusha konde la kuzungusha la mkono wa kulia hewani. Kiti kitageuka upande wa pili. Ndipo utajua kwamba ule mguu wa nyuma uliokita ulingoni ndio uliokuwa unazuia usigeuke, na ndio unaolipa konde lako uzito.

Mkenya Mrusha Mkuki

Wadau, niko Eldoret, nimefuata huu uzi tangu mwanzo. Mwalimu, huo mchezo wa rede sisi tunauita kati, na dada zangu waliucheza mpaka giza.

Naomba niseme kuhusu mkuki maana ndio mchezo wangu. Julius Yego alivyorusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, watu walisema ni mkono. Nimetazama ile video mara nyingi sana. Anakimbia mbele, lakini hatua za mwisho mwili umekaa kiubavu, miguu inapishana, mkono na mkuki viko nyuma kabisa. Halafu mguu wa kushoto unakita mbele na kukaza. Hapo mambo yanatokea kwa mpangilio: nyonga inageuka kwanza, mabega bado yamebaki nyuma. Kisha kifua kinafunguka, kisha bega, kiwiko, mkono. Kama mjeledi. Yaani unachukua mbio za mbele, unazigeuza kuwa mzunguko wa mhimili wima, kisha unazirudisha mbele tena kupitia mkono.

Vijana wengi wanageuza nyonga na mabega pamoja kama mlango mmoja. Mkuki hauendi, na bega linaumia, maana linaachiwa kazi yote peke yake. Kocha wangu alinikataza mkuki wiki 3, nikawa natupa mpira mzito wa mazoezi ukutani nikiwa nimesimama kiubavu. Nilikasirika wakati ule. Sasa namshukuru.

Mwalimu Filimbi

Ndugu yangu wa Eldoret, hilo la nyonga kutangulia mabega nitalisoma kwa sauti mbele ya vijana wangu wa tufe na kisahani. Umeliweka vizuri kuliko nilivyofundishwa.

Sarakasi Bagamoyo

Mwalimu umetaja tikitaka ukapita haraka. Mimi nafundisha sarakasi watoto. Samasoti, kuzunguka kwa mikono kama gurudumu, na kujipinda hewani. Ningependa kujua, mtoto akiwa tayari hewani anawezaje kuongeza mzunguko wakati hakuna cha kusukuma?

Mwalimu Filimbi

Swali zuri kuliko yote humu, nami nilipenda sana sehemu hii chuoni.

Samasoti, yaani kupinduka hewani kichwa chini miguu juu, inazunguka mhimili wa kushoto-kulia, kama baiskeli. Ile ya mikono kama gurudumu inazunguka mhimili wa mbele-nyuma, kama saa ya ukutani. Kujipinda hewani ni mhimili wa kichwa-hadi-miguu, kama pia. Kwa hiyo watoto wako wana mihimili yote mitatu katika michezo mitatu, ni darasa zima.

Miguu ikishaacha ardhi, kiasi cha mzunguko ulichoondoka nacho hakiongezeki wala hakipungui mpaka utue. Unachoweza kubadili ni kasi. Ukijikunja, magoti kifuani, uzito umekaribia mhimili, unazunguka haraka. Ukinyooka, uzito umekwenda mbali, unapungua. Ndiyo maana tunawaambia "kunja!" halafu "fungua!" wakati wa kutua. Waonyeshe kwa kiti kilekile cha kuzunguka na chupa mbili za maji za lita moja na nusu: azungushwe mikono ikiwa imenyooshwa, kisha avute chupa kifuani. Watapiga kelele.

Anayefanya samasoti na kujipinda kwa pamoja anazunguka mihimili miwili kwa wakati mmoja. Mwanajimnastiki wa Marekani, Simone Biles, mwaka 2019 kwenye mashindano ya dunia Stuttgart alifanya samasoti mbili za nyuma na mizunguko mitatu ya kujipinda ndani yake, na mruko huo ukapewa jina lake. Huyohuyo, kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, aliruka akapoteza hisia ya mwili wake uko wapi hewani. Alikusudia mizunguko miwili na nusu akafanya mmoja na nusu, akajitoa fainali ya timu. Wengine walimsema vibaya. Mimi nilimwona mtu anayeijua hatari ya kutua kwa shingo. Mtoto wako akikuambia "leo sijui niko wapi hewani", mwamini, mrudishe kwenye godoro.

Tikitaka nayo: mchezaji anainua kwanza mguu asiopigia, mwili unalala nyuma, kisha mguu ule unashuka kwa nguvu wakati wa kupigia unapanda. Mguu unaoshuka ndio unaolipia unaopanda, kwa mhimili uleule wa kushoto-kulia. Asiyejua hili anajitupa tu na kuangukia kiuno.

Na tahadhari kwa shule zetu. Mruko wa mgongo wa kuruka juu, ule aliotumia Mmarekani Dick Fosbury kuchukua dhahabu Mexico mwaka 1968 kwa mita 2.24, una kukimbia kwa mduara, kugeuka ili mgongo utazame ufito wa kuvuka, kisha kupinduka. Mwili unapita kipande kwa kipande, kiasi kwamba kitovu cha uzito kinaweza kupita chini ya ufito wakati mtu mwenyewe kapita juu. Ni mzuri mno. Lakini unatua kwa mgongo na shingo. Kama shule yako ina shimo la mchanga tu, usiufundishe. Fundisha mruko wa mkasi, anatua kwa miguu.

Kocha wa Kata

Mwalimu, elimu imeeleweka. Sasa tupe kazi. Nina vijana 22, mpira mmoja, koni sina, kiwanja kina mteremko. Nifanye nini kesho?

Mwalimu Filimbi

Chukua ndala au mawe badala ya koni. Dakika 20 za kwanza ziwe hivi.

Wakimbie taratibu wawili wawili, wakifika kwenye alama wanainua goti na kulifungua nje kama wanavuka ua, kurudi wanaliingiza ndani. Kisha watembee kiubavu, wasivuke miguu, wakutane katikati na kugongana bega kwa bega hewani, watue miguu miwili, magoti laini. Kisha kusimama mguu mmoja, mwenzake anamsukuma kidogo begani, yeye asianguke. Walale ubavu wakijiinua kwa kiwiko, kiuno kisizame. Kisha waruke na kugeuka robo duara, watue, watulie. Wiki ya tatu nusu duara. Mwisho wakimbie, wakite mguu wa nje, wabadili njia. Mengi ya haya utayakuta kwenye programu ya FIFA 11+, ambayo imetengenezwa mahsusi kupunguza majeraha na haihitaji vifaa vya bei.

Jicho lako liwe sehemu moja tu: goti likitua liwe juu ya vidole vya mguu, lisikimbilie ndani. Likikimbilia ndani, simamisha, arudie polepole. Usimwongezee urefu wa kuruka kabla hajatua vizuri.

Na Jumatatu na Alhamisi, rede. Wavulana wote ndani. Siku ya kwanza walisema ni mchezo wa wasichana, siku ya pili walikuwa wanabishania zamu.

MamaNetiboli

Mwalimu, nimesoma mpaka hapa nikisubiri mtu aulize na hakuna aliyeuliza. Yule binti yako yuko wapi?

Mwalimu Filimbi

Dada, ahsante kwa kumkumbuka. Alifanyiwa upasuaji, akaanza mazoezi ya kurudisha nguvu, mwezi wa 11 tangu upasuaji akaruhusiwa kukimbia na kugeuka. Alicheza nusu ya pili ya mechi moja ya shule akiwa kidato cha nne. Nilishindwa kuangalia kila alipodaka mpira.

Amemaliza shule, anasubiri matokeo. Jioni anakuja uwanjani na daftari lake. Nimempa kazi ya kukaa nyuma ya mstari wa goli na kuangalia magoti tu, na jicho lake ni kali kuliko langu. Juzi alimsimamisha senta wetu mpya mara tatu mfululizo kwa pasi ileile. Mara ya nne mtoto akadaka, akatua, akaacha nyonga igeuke kwanza, akatoa pasi. Yule binti akaandika kitu daftarini, akasema, "Mwingine."

Mechi ya kwanza ya wilaya ni Jumamosi. Nitaleta mrejesho hapahapa.